Fahamu Namna ya Kuepuka Utapeli Unaponunua Vyombo vya Muziki Vilivyotumika Mtandaoni

Mpanda, Katavi

Biashara ya vyombo vya muziki vilivyotumika imehamia kwa kiasi kikubwa kwenye simu za mkononi. Kinanda, gitaa la besi, seti ya ngoma, tarumbeta au mashine ya kuchanganyia sauti, ambavyo zamani mnunuzi wa Mpanda alilazimika kuvifuata Dar es Salaam au Mwanza, leo huonekana kwa picha na bei katika kurasa za Facebook na Instagram, makundi ya WhatsApp na masoko ya mtandaoni. Urahisi huo umewasaidia wanakwaya, bendi za vijana na walimu wa muziki wenye kipato cha kawaida. Hata hivyo, umewafungulia mlango pia watu ambao hawana chombo chochote cha kuuza.

Utapeli wa aina hii kwa kawaida hauhitaji ujuzi mkubwa wa kompyuta. Mtaji wa tapeli ni umbali. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,200, na anayesafiri kwa treni hupita kwanza tawi la reli lenye urefu wa kilometa 210 hadi Kaliua kabla ya kuungana na Reli ya Kati. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula na malazi, vikilinganishwa na bei ya kinanda kilichotumika, humfanya mnunuzi aone ni nafuu kutuma fedha na kusubiri mzigo. Hapo ndipo tapeli humsubiri.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza kwa mnunuzi aliye mbali ni kwamba fedha zisitangulie chombo. Chombo kionwe, kiguswe na kisikike mbele ya mtu anayeaminiwa na mnunuzi, ndipo malipo yafuate. Hatua nyingine zote zinazoelezwa hapa zinasaidia kuitekeleza kanuni hiyo katika mazingira ya Mkoa wa Katavi.

Kwa nini vyombo vya muziki

Chombo cha muziki kilichotumika hakina bei moja inayojulikana sokoni. Vinanda viwili vya kampuni moja na toleo moja vinaweza kutofautiana bei kwa mbali kutokana na umri, matunzo na hali ya vitufe. Mnunuzi anapokuta bei ya chini, hana kipimo cha haraka cha kumwambia kama amepata bahati au amewekewa chambo.

Aidha, ubora wa chombo hauonekani kwenye picha. Shati lenye tundu litaonekana, lakini kitufe cha kinanda kilichokufa, gitaa lenye shingo iliyopinda au spika iliyopasuka ndani havionekani. Chombo cha muziki huthibitika kwa kusikika, na anayelipia picha peke yake amenunua mbuzi kwenye gunia.

Jambo la tatu ni kwamba fedha zinazotumika kwa kawaida ni za watu wengi. Kwaya huchangishana kwa miezi kadhaa, na mara nyingi michango hiyo hukamilika baada ya wakulima kuuza mpunga, mahindi au tumbaku. Bendi ya vijana inaweza kununua vifaa kwa mkopo, ukiwamo ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri unaotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha hizo zikiibwa, deni hubaki palepale. Mweka hazina aliyetuma fedha kwa nia njema hujikuta akishukiwa na wenzake, na kikundi kilichokaa pamoja kwa miaka kinaweza kuvunjika kwa sababu ya muamala mmoja.

Jinsi utapeli unavyofanyika

Njia inayotumika sana huanza kwa tangazo lenye picha nzuri na bei iliyo chini ya bei ya kawaida. Muuzaji hutoa sababu inayogusa moyo: anahama nchi, anauguliwa, au kanisa lake limenunua vyombo vipya. Mnunuzi anapoonesha nia, huelezwa kuwa kuna mteja mwingine anayekuja kuchukua chombo jioni hiyo. Kisha huombwa atume nusu ya bei, au hata kiasi kidogo tu “cha kushikia mzigo”.

Baada ya malipo hayo, muuzaji hutuma picha ya stakabadhi ya mzigo yenye jina la kampuni ya basi na kudai kilichobaki. Siku inayofuata hujitokeza gharama mpya, kama vile bima ya mzigo, ushuru wa njiani au faini ya kuzidi uzito. Kila malipo huambatana na ahadi kuwa ndiyo ya mwisho. Mnunuzi huendelea kulipa kwa kuogopa kupoteza alichokwisha kutuma, hadi siku simu ya muuzaji itakapozimwa na ukurasa wake kufutwa.

Njia ya pili ni ya kujifanya mtu mwingine. Tapeli huteka akaunti ya mwanamuziki, kiongozi wa dini au mwalimu wa kwaya anayefahamika, au hufungua akaunti mpya kwa jina na picha yake. Kisha hutangaza vyombo kwa marafiki wa mtu huyo, nao hulipa bila kuuliza kwa sababu wanaliamini jina.

Njia ya tatu ni ya muuzaji mwenye chombo cha kweli lakini asiyesema ukweli wote. Kinanda chenye nembo ya kampuni maarufu kinaweza kuwa cha bandia, chombo kilichofika kikawa siyo kile cha kwenye picha, au kikawa ni mali ya wizi. Hali hii ya mwisho ni hatari zaidi, kwa kuwa mnunuzi anaweza kunyang’anywa chombo na kutakiwa kueleza alikipataje, na kupokea mali ya wizi kwa kujua ni kosa la jinai.

Wauzaji nao hawako salama. Mwananchi wa Mpanda anayetangaza gitaa lake anaweza kupokea ujumbe wa simu unaofanana na wa malipo, ilhali hakuna fedha iliyoingia. Muuzaji anapaswa kuangalia salio lake mwenyewe kabla ya kukabidhi chombo, na asitegemee ujumbe pekee.

Umbali pia huficha mahali tapeli alipo. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimekuwa zikiutaja Mkoa wa Rukwa, ambao Katavi ilimegwa kutoka humo mwaka 2012, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa yenye idadi kubwa ya majaribio ya ulaghai kwa njia ya simu. Anayesema yupo Kariakoo anaweza kuwa popote nchini, au hata mkoa wa jirani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuzungumzia malipo

Hatua ya kwanza ni kulinganisha bei. Mnunuzi atafute matangazo mengine ya chombo na toleo hilohilo, na aulize mafundi na wapiga vyombo wenye uzoefu. Bei iliyo nusu ya zile nyingine inahitaji maelezo yanayoweza kuthibitishwa.

Pili, picha zichunguzwe. Huduma za kutafuta kwa picha, kama Google Lens, zinaweza kuonesha iwapo picha hiyohiyo imetumika katika tangazo la nchi nyingine. Mnunuzi aombe picha mpya ya chombo kikiwa na karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo, pamoja na picha ya namba ya utambulisho iliyobandikwa au kuchapwa na kiwanda. Kwenye vinanda vingi namba hiyo huwa upande wa chini, na kwenye magitaa mara nyingi huwa kwenye kichwa au nyuma ya shingo.

Tatu, muuzaji aombwe kupiga simu ya video na kucheza chombo papo hapo. Kinanda cha vitufe 61 kinahitaji dakika chache tu kubonyezwa kitufe kimoja kimoja kutoka kushoto hadi kulia, kwa kugusa taratibu na kwa nguvu. Gitaa lipigwe kila uzi katika kila sehemu ya shingo ili kusikia kama kuna mlio wa kukwaruza. Tarumbeta ioneshwe vali zake zikishuka na kupanda bila kukwama, na saksofoni ipigwe kuanzia sauti ya chini kabisa, kwa kuwa vifuniko vyake vikivujisha hewa sauti hizo ndizo huwa za kwanza kugoma. Video iliyorekodiwa zamani haitoshi, kwani inaweza kuwa ya mtu mwingine.

Nne, mnunuzi aulize kuhusu umeme. Vyombo vingi vilivyotumika huingizwa kutoka nje. Umeme wa majumbani nchini Japani ni wa volti 100, na Marekani ni wa volti 120, wakati Tanzania hutumia volti 230. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya nchi hizo kikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi kinaweza kuungua siku ya kwanza, na muuzaji akasema kilitoka kwake kikiwa kizima. Maandishi ya volti yaliyopo kwenye chombo au kwenye adapta yake yaombwe kwa picha, na gharama ya kifaa cha kupunguza umeme au adapta inayofaa ijumlishwe kwenye bei.

Muuzaji wa kweli anaweza kuchoshwa na maswali haya, lakini atayajibu. Anayekasirika, anayebadilisha mada au anayeanza kuhesabu saa zilizobaki amekwisha kutoa taarifa muhimu kuhusu yeye mwenyewe.

Kutumia mwakilishi kuziba umbali

Simu ya video hupunguza mashaka, lakini haichukui nafasi ya mtu aliye mbele ya chombo. Mnunuzi wa Katavi anaweza kumtumia ndugu, mwanakwaya mwenzake anayeishi jiji husika, au fundi anayeaminika kwa malipo ya makubaliano. Mwakilishi huyo achaguliwe na mnunuzi mwenyewe. “Rafiki” au “wakala” anayependekezwa na muuzaji hahesabiki kuwa mwakilishi wa mnunuzi.

Makabidhiano yafanyike mchana, mahali pa wazi penye umeme wa kujaribia chombo, kama vile dukani, kanisani au kwenye karakana ya fundi. Pale ambapo muuzaji ni mtu binafsi, ni vyema kuandika hati fupi ya mauziano yenye jina, anwani na namba ya simu ya kila upande, aina ya chombo, namba yake ya utambulisho, bei na tarehe. Hati hiyo isainiwe mbele ya mashahidi, na ikiwezekana katika ofisi ya serikali ya mtaa anakoishi muuzaji. Mwenye mali halali hana sababu ya kuikwepa ofisi hiyo, na hati hiyo humsaidia mnunuzi endapo swali la umiliki litajitokeza baadaye.

Pale ambapo muuzaji anajitambulisha kuwa ni duka au kampuni, jina la biashara linaweza kuhakikiwa katika mfumo wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kwa njia ya mtandao, na risiti ya mashine ya kielektroniki idaiwe wakati wa kulipa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia.

Kuhusu usafirishaji, mwakilishi apeleke mzigo mwenyewe katika ofisi ya basi au posta na kuchukua stakabadhi kwa mkono wake. Ikiwa muuzaji ndiye aliyetuma picha ya stakabadhi, mnunuzi aende katika ofisi ya kampuni hiyo iliyopo Mpanda na kuomba namba ya mzigo ihakikiwe. Kupiga simu kwa namba iliyoandikwa kwenye picha hakusaidii, kwa kuwa anayepokea anaweza kuwa mshirika wa tapeli.

Malipo na nidhamu ya kikundi

Malipo kwa simu yana faida moja kubwa, kwamba jina la mpokeaji huonekana kabla ya muamala kuthibitishwa. Mnunuzi asome jina hilo bila haraka. Likiwa tofauti na jina la muuzaji, asitume, hata akielezwa kuwa laini ni ya mke, mdogo wake au mhasibu. Picha ya kitambulisho cha Taifa inayotumwa kwa WhatsApp nayo haithibitishi kitu, kwa kuwa matapeli hutumia vitambulisho vya watu waliowaibia awali. Kwa wauzaji wenye maduka, malipo kwa Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara ni salama zaidi kuliko kutuma kwenye namba binafsi.

Watanzania wanaufahamu ujumbe wa siku nyingi wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”. Utapeli wa vyombo vya muziki huitumia mbinu hiyohiyo mwishoni mwa mazungumzo ya kweli: mnunuzi anapokuwa tayari kulipa, ghafla hupewa namba nyingine. Mabadiliko ya namba dakika za mwisho ni sababu ya kutosha ya kusitisha malipo hadi mwakilishi azungumze na muuzaji ana kwa ana.

Kwa vikundi, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi kiweke uamuzi wa ununuzi kwenye muhtasari wa kikao, kikitaja chombo, bei ya juu inayokubalika, mwakilishi na namba itakayolipwa. Malipo yaidhinishwe na watu wasiopungua wawili, na yasifanyike siku ileile tangazo lilipoonekana. Usiku mmoja wa kusubiri hauwezi kumwondoa muuzaji wa kweli mwenye nia ya kuuza. Utaratibu huu humlinda pia mweka hazina, kwa kuwa lolote likitokea, uamuzi ulikuwa wa wote na kumbukumbu zake zipo.

Hatua za kuchukua baada ya kutapeliwa

Muda ni jambo la kwanza. Aliyetuma fedha na kugundua udanganyifu apige mara moja namba 100 ya huduma kwa wateja ya mtandao wake na kuomba muamala uzuiwe. Fedha ambazo hazijatolewa zina nafasi ya kuokolewa. Zikishatolewa kwa wakala, kazi ya kuzirejesha huwa ngumu zaidi na hubaki mikononi mwa vyombo vya uchunguzi.

Pili, mwathirika asifute kitu. Mazungumzo yote, picha, ujumbe wa miamala, namba za simu na anwani ya ukurasa wa muuzaji vihifadhiwe katika simu ileile iliyotumika, na nakala zichapishwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu taarifa za kielektroniki kupokelewa mahakamani kama ushahidi, na uhalisi wake huthibitika kwa urahisi zaidi pale chanzo kinapokuwa hakijaguswa.

Tatu, taarifa itolewe katika kituo cha Polisi kilicho karibu, na mlalamikaji aondoke na namba ya RB. Hana haja ya kusafiri hadi mkoa anakodai kuwapo muuzaji ili kufungua malalamiko. Chini ya Kanuni ya Adhabu, kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 7. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo, inahusu pia udanganyifu unaofanywa kwa kutumia kompyuta na kujifanya mtu mwingine mtandaoni.

Nne, ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda namba 15040, ambayo TCRA na kampuni za simu wameiweka kwa ajili hiyo. Mtumaji huelekezwa kuingiza namba ya simu iliyotumika katika ulaghai ili ichukuliwe hatua. Hata mwananchi aliyegundua mtego kabla ya kulipa anahimizwa kufanya hivyo, kwa kuwa namba ikifungwa leo inaweza kumwokoa mwanakwaya wa Inyonga au Karema kesho.

Mwathirika ajihadhari pia na wimbi la pili. Baada ya kulalamika hadharani mtandaoni, anaweza kutafutwa na mtu anayedai kuwa mtaalamu wa kurejesha fedha zilizoibwa, kwa sharti la kulipwa kwanza. Huo ni utapeli mwingine. Polisi hawatozi ada ya kupokea malalamiko.

Jambo la mwisho linamhusu kila mwenye laini ya simu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini mwaka 2019, na matapeli wamekuwa wakitafuta laini zilizosajiliwa kwa majina ya wengine. Mwananchi anaweza kupiga *106# na kufuata maelekezo ili kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta namba asiyoitambua, afike katika duka la mtandao husika na kuomba iondolewe. Vilevile, asikubali kuweka alama ya kidole zaidi ya mara moja kwa wakala bila kupewa sababu inayoeleweka.

Wanakwaya, bendi na wananchi wengine wanaotarajia kununua vyombo vya muziki msimu huu wanashauriwa kumpata mwakilishi na kumpa namba ya utambulisho ya chombo kabla ya kukubaliana bei na muuzaji. Wenye wasiwasi na tangazo lolote wanaweza kufika katika kituo cha Polisi kilicho karibu, kutuma ujumbe wa kitapeli kwenda 15040, au kupiga namba 100 ya mtandao wanaoutumia.